Kaburi Langu Lichimbwe na Mtani

Sogeeni, wanangu, sogeeni kama mnavyosogea Sala inapokimiwa, bega liguse bega na mguu ukae sawa na mguu, asibaki mtu mlangoni akasikia nusu na kuondoka na nusu. Saada, niinue kidogo, niwekee mto mgongoni. Jamali, zima simu yako, uketi hapa ninapouona uso wako. Na wewe Bashiri, mwana wa marehemu dada yangu, liweke chini panga hilo unalolinoa nyuma ya jiko tangu asubuhi. Ulidhani mgonjwa hasikii, kumbe mgonjwa hana kazi nyingine ila kusikia. Liache nje pamoja na viatu. Nyumba hii imesomewa Kitabu tangu ilipoezekwa, na chuma kilichonolewa kwa ajili ya shingo ya mtu hakitaingia humu wakati mimi, Biasha binti Mbaruku, ningali navuta pumzi.

Sikilizeni wanangu. Mnajua nilivyowafundisha watoto wa chuo hapo barazani miaka yote hii, kwamba safu ya Sala ikiachwa na pengo, shetani husimama papo hapo penye pengo. Leo safu ya ukoo wetu ina pengo, na nyote mnamjua aliyekuwa akisimama pale. Ni Kaimu wa Chinongwe, mtani wetu, aliyekuja kumzika kaka yangu Ramadhani mwezi uliopita na kurudi kwake kichwa wazi.

Mali nitaitaja kwanza, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Nyumba hii na shamba la mikorosho la juu vigawanywe baina ya wanangu wa kuzaa, Jamali na Saada, kama Sharia ilivyogawa, sitaongeza wala kupunguza, maana Mwenyezi Mungu hakuhitaji mashauri yangu alipoweka mafungu ya warithi. Katika theluthi ninayoruhusiwa kuusia, mikorosho ya bondeni ni ya Bashiri, kwa sababu ukoo wetu tunauhesabu kwa mama na yeye ni wa tumbo letu, ingawa hesabu ya urithi haimfikii. Kisima alichonichimbia Ramadhani na kiwanja kinachokizunguka navifanya wakfu: anywe mtu wa hapa kwetu Ruponda, anywe mtu wa Chinongwe, anywe mpita njia asiye na jina, na atakayemzuia mtu maji pale ajue kwamba nitamdai mbele ya Mola wangu. Mali imekwisha. Lililobaki ndilo zito.

Kesho ni Ijumaa. Nasikia vijana wamepatana kwamba wakitoka kuswali wapande pikipiki waende Chinongwe, na Bashiri ndiye atakayewatangulia. Usiangalie chini, mwanangu, niangalie mimi. Mwoneni jinsi shetani alivyo na adabu: anawaacha mswali kwanza.

Saada, nipe lile jiwe lililo dirishani. Mnaliona? Mmecheza nalo utotoni, mkavunjia nalo korosho. Ramadhani alilitoa ardhini alipokuwa akichimba kisima, akaniletea kwa kuwa lilimkaa vizuri mkononi kuliko mawe mengine, upande mmoja wa kushika, upande wa pili mkali. Mwalimu Gwakisa alipoletwa kufundisha hapa kutoka kwao Tukuyu, alikuja kunisalimia, akaliona, akaligeuzageuza mkononi. Halafu akaniambia, "Bibi, jiwe hili halikupasuka lenyewe. Mtu alilichonga."

Nikamwuliza mtu gani. Akasema, "Mtu asiyejua jembe wala chungu. Waliishi wachache wachache, ndugu na watoto wao, wakichimba mizizi na kufuata wanyama. Akitokea mtu wasiyemjua, ama wanakimbia ama wanampiga."

Nikamwambia, "Walichimba mizizi? Basi walikula ming'oko kama sisi."

Akacheka, akasema, "Ndiyo maana nawaona Wamwera hamjabadilika." Nami nikafurahi, maana siku hiyo nilijua mgeni yule amekuwa mwenyeji.

Kisha nikamwuliza swali ambalo limenikaa moyoni hata leo. Nilimwuliza, watu hao wa jiwe, waliokuwa wakimkimbia kila asiye wa damu yao, walipita wapi hadi kufikia hapa, ambapo mtu hupanda basi Ruangwa, akalala begani kwa mtu asiyemjua, akaamka Dar es Salaam na shingo yake ingali nzima? Mwalimu akanieleza kilimo, na ghala ambalo lilibidi lilindwe na wengi, na soko, na watawala, na maandishi. Yote nilimkubalia. Lakini mwisho akasema, "Bibi, kabla ya hayo yote ilibidi mtu mmoja amwamini asiye ndugu yake. Kila mahali watu walipata njia yao ya kuanza." Nami njia yetu sisi naijua, kwa kuwa nilisimuliwa na bibi yangu mzaa mama, na leo nawapa ninyi, mwipokee kama mnavyopokea mali.

Zamani za vita na njaa, bibi zetu waliishi kila tumbo na mlima wake. Kule juu ukoo wetu, kule ng'ambo ukoo wa akina Kaimu, Wamakua waliotoka kusini, na katikati ni lile bonde lenye maji. Hawakuwa na kijiji, hawakuwa na soko, hawakuwa na msikiti. Aliyeshuka kuteka maji alishuka na mkuki, na aliyewahi hakumngoja mwenzake. Siku moja wakakutana huko bondeni, wakauana, wa kwetu na wa kwao, na maiti zikabaki kando ya maji kwa sababu kila upande uliogopa kushuka. Wakawa wanawatazama watu wao kutoka juu, na ndege wanawatazama kutoka juu zaidi.

Nanyi mnajua Kitabu kinavyosema. Mtu wa kwanza kufa alikuwa Habili, na aliyemwua alikuwa nduguye, na mwuaji yule hakujua afanye nini na mwili, hata Mola akampelekea kunguru afukue ardhi mbele yake. Fikirini hapo, wanangu. Elimu ya kuzika tulipewa siku ile ile tulipojifunza kuua, na aliyeipokea alikuwa ana damu mikononi. Basi Mola alimhurumia hata Kabili kwa kiasi hicho, akamfundisha jambo moja la utu kabla jua halijamchwea.

Katika ukoo wetu aliyeshuka alikuwa mwanamke. Bibi hakujua jina lake. Alishuka na jembe, bila mkuki, akaanza kumchimbia mwanawe, na alipomaliza akamgeukia kijana wa upande wa pili aliyelala karibu, akaanza kumchimbia naye. Ndipo mtu wa ng'ambo akatoka vichakani, akamtazama, akasema, "Mama, shimo hilo ni fupi. Kijana wetu ni mrefu, sisi hatuli panya kama ninyi." Mwanamke akamjibu, akiwa na machozi hadi kidevuni, "Basi shuka uchimbe wewe, mrefu." Naye akashuka, akachimba. Wakacheka na kulia pamoja juu ya maiti zao, na toka siku hiyo ikawa kaburi letu huchimbwa na wao, na la kwao huchimbwa na sisi, na atakayekasirika kwa neno la mtani amevunja agano.

Huo ndio utani, Jamali. Haukuanza kwa mchezo. Ulianza kwa watu waliochoka kuzikana kwa woga. Baada ya utani ndipo watu wakateka maji bila mikuki, baada ya maji wakaoana, baada ya kuoana wakabadilishana mtama na chumvi, kisha wakaja walimu wa dini, akiwemo baba yangu Mbaruku, wakaikuta njia imekwisha fyekwa na wakajenga msikiti mmoja wa milima yote miwili. Shule, mashine ya kusaga, mnada wa korosho, vyote hivyo mnavyoviona vimekaa juu ya kaburi lile lililokuwa fupi. Na Mola wetu ametuambia kwamba alituumba kwa mwanamume na mwanamke, akatufanya mataifa na makabila ili tujuane. Hakusema ili tukimbiane. Hakusema ili tupimane urefu wa mapanga.

Sasa njooni kwenye mazishi ya Ramadhani.

Sisi wanawake tulikuwa tumekaa nyuma ya mikorosho, hatukuwa kaburini, lakini sauti ilitufikia. Jeneza lilipokaribia, Kaimu, aliyekuwa amechimba tangu asubuhi na watu wake, akajilaza humo kaburini, akakunja mikono kifuani. Nikamsikia akisema, "Ramadhani, rudi nyumbani, huku pamejaa. Ulinibana kwenye mikeka ya harusi, ukanibana kwenye vigoda vya pombe kabla hujatubu, leo unataka kunibana na huku? Enyi Wamwera, sitoki. Leteni kuku kwanza, na asiwe yule mliyekwisha mla mapaja." Wanawake wakaanza kucheka, na mimi niliyekuwa sijatoa chozi tangu kaka yangu akate roho nikacheka, na kicheko kikafungua mlango, nikalia. Kaimu alikuwa akimlilia rafiki yake. Alikuwa akitulilia sote, kwa namna aliyopewa na babu zake.

Nawe Jamali ukashuka. Ukamshika ukosi mtu wa umri wa baba yako, ukamvuta, ukampiga kofi, ukamtupa juu ya udongo aliouchimba kwa mikono yake. Ukasema, "Mshenzi wewe, unamchezea maiti wa Kiislamu?" Kofia yake ikaanguka shimoni, na hakuna aliyethubutu kuiokota, mkamshusha marehemu, mkafukia. Kofia ya Kaimu imelala na Ramadhani hata sasa. Naye aliondoka kichwa wazi, na watu wake wakaweka majembe chini wakamfuata, nanyi mkamalizia kufukia peke yenu, vibaya, hata nikaambiwa udongo ulikaa upande.

Najua utakalosema, mwanangu, maana umelisema mara nyingi tangu hapo. Umekaa Dar es Salaam, umehudhuria darsa, umefundishwa kwamba kaburi lina heshima na kwamba hapo ni mahali pa dua. Hukufundishwa uongo. Mimi mwenyewe sikupenda kamwe mtu kulala ndani ya kaburi, na Ramadhani alinisikia nikilisema, na huenda Kaimu naye angelisikia kama angeambiwa kwa ulimi laini, ameketi, amepewa chai. Lakini nionyeshe wewe aya iliyokuruhusu kumpiga Mwislamu mwenzako kando ya kaburi lililo wazi. Musa na Haruni walitumwa kwa Firauni, aliyesema yeye ni mungu, na bado wakaamrishwa waseme naye kwa upole. Kaimu ni mbaya kuliko Firauni? Au wewe ni mbora kuliko Musa?

Nipe maji, Saada. Kidogo tu. Alhamdulillahi.

Tangu siku ile mikorosho ya Bashiri kule barabarani imekatwa magome ikasimama mikavu, na hatujui ni nani aliyeikata. Baadaye ufuta wa mpwa wa Kaimu ukachomwa ungali umesimamishwa shambani kukauka, na aliyeuchoma, Bashiri, wewe unamjua, na mimi namjua. Hayo yananiumiza, ila siyo yaliyonilaza kitandani. Lililonilaza ni neno moja aliloniletea Saada kutoka soko la Ruangwa.

Saada alikutana na Zulekha, mke wa Kaimu. Miaka yote hii Zulekha akimwona Saada humpigia kelele sokoni mbele za watu, "Mke mwenzangu, umeninyang'anya mume na bado huna hata kanga mpya!" Naye Saada humjibu, "Mume mwenyewe ananuka panya, mchukue." Watu hucheka, wao hukumbatiana. Safari hii Zulekha alimpisha njia. Akasema kwa sauti ya chini, "Hujambo, ndugu yangu. Poleni na msiba. Mungu awape subira." Kisha akaenda zake.

Saada alirudi hapa akaketi chini akalia, nami nikakipanda kitanda hiki, maana tangu nizaliwe sijapewa pole ya heshima na mtu wa ukoo ule. Matusi yao nayajua, nayaishi. Heshima yao ndiyo inayonitisha. Mtani anapokusalimia kama mgeni, amekwisha kukutoa nyumbani mwake. Amerudi mlimani kwake, amekuacha mlimani kwako, na katikati limebaki bonde. Hapo ndipo tulipo, wanangu. Safari ile ndefu yote, tangu mwenye jiwe hili hadi mabasi ya Ruangwa, ninyi mmeirudisha nyuma kwa kofi moja, na kesho mnataka kuimaliza kwa panga.

Bashiri, shika jiwe hili. Lishike lilivyoshikwa. Unaona vidole vinavyojua pa kukaa? Aliyelichonga hakusoma, hakusikia mtume wala mwadhini, alimwogopa kila mtu. Wewe umesoma chuoni kwangu, nimekushika kidole juu ya herufi. Ukienda Chinongwe kesho na lile panga, siku ya Hesabu mtu huyu wa jiwe atasimama mbele yako na atakuwa na udhuru usio nao wewe. Likishatoka mkononi mwako, lipelekeni kwa Mwalimu Gwakisa, watoto wa shule walione. Walione waulize.

Sasa usia wangu wenyewe, na nguvu zinanipungua, kwa hiyo msinikatize.

Mimi siifikii Jumamosi. Kifua hiki nakijua. Mkiniosha asubuhi, adhuhuri niwe ardhini, maana dini haitaki maiti angoje ugomvi wa walio hai. Wala sitawaambia mniweke juu hadi mpatane. Hilo si haki yangu. Ndiyo maana nawaita leo, nikiwa na roho, kwa kuwa nikishakata roho hamtakuwa na nafasi. Kaburi langu lichimbwe na Kaimu na watu wake, kama lilivyochimbwa la mama yangu na la bibi yangu. Nikichimbiwa na damu yangu tupu, basi mmenizika kama walivyozikana wale waliokimbiana, na kila atakayepita pale ataona kwamba ukoo huu hauna tena mtu nje ya tumbo lake.

Saada, toa ile kofia chini ya mto. Naam. Nimeishona tangu msiba, macho yakikataa, na upande wa nyuma maua hayakulingana. Kaimu ataliona kosa hilo kabla ya yote, na atalisema, Inshallah.

Jamali, utaichukua kofia hii. Utachukua na kuku, jogoo mzima, mwenye mapaja yake. Utakwenda Chinongwe leo, kabla ya Magharibi, na Bashiri atakuendesha, mikono mitupu. Utaivua kofia yako mwenyewe kabla hujafika uani kwao, uingie kichwa wazi kama alivyotoka yeye kwetu, uketi chini, useme, "Babu mtani, Biasha anakufa, na shimo lake litakuwa fupi." Hayo tu. Usieleze, usijitetee, usimsomee aya.

Nisikie vizuri hapa, maana wewe umekaa mjini na waweza kukosea tena. Wakikuletea kiti, wakakuita ndugu, wakakupa pole kwa heshima, ogopa, endelea kukaa chini, usinyanyuke. Lakini wakianza kukutukana, wakikuita mla panya, wakikuambia sura yako ndiyo iliyomwua mjomba wako, wakimnyang'anya Bashiri ufunguo wa pikipiki na kukucheka hadi watoto, shukuru Mungu wako, mwanangu. Hapo umepokelewa. Cheka nao. Ukishindwa kucheka, lia, nalo watalielewa.

Na ufuta uliochomwa, Bashiri... utasema ni wewe. Kwa kinywa chako. Mikorosho ya bondeni niliyokupa, mavuno yake ya kwanza ni ya mwenye ufuta. Usinijibu. Itika kwa kichwa tu. Basi.

Mwenyezi Mungu awakusanye kama alivyozikusanya nyoyo za waliokuwa maadui ukingoni mwa shimo la moto, wakawa ndugu kwa neema yake. Saada, Mungu akulipe kwa mikono yako hii. Bashiri, Mungu aipoze damu yako. Jamali, mzaliwa wangu, sikukasirikii... nakupenda kuliko... Mungu akupe kifua cha kuvumilia maneno.

Nani amezima taa? Ah. Ni mchana. Haya.

Laa ilaaha... ngojeni, bado. Jamali bado umekaa. Nasikia pumzi yako hapo hapo. Kofia iko mkononi mwako, jogoo yupo uani, njia unaijua. Unangoja nife ndipo utii?

Inuka, mwanangu. Vua kofia. Nenda ukajaze pengo.